Leba siyo mahali pa kuachwa peke yako

Mhariri, shikamoo. Naandika kutoka Uyole hapa Mbeya. Nimeanza kujifunza udula, yaani kumsindikiza mama tangu mimba mpaka ashajifungua. Dula siyo mkunga jamani, hapimi wala hazalishi, anakaa na mama, anamkanda kiuno, anamkumbusha kupumua, anamsaidia aulize anachoogopa kuuliza. Kwenye mwongozo wake wa 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa uchungu.

Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimzaa huku mama yangu yuko nje getini ameshika kanga na chupa ya uji, walimkatalia kuingia, na nesi alikuwa mmoja tu wodi nzima kwahiyo hata simlaumu.

Sasa fikiria mama kiziwi, au binti wa miaka 17 anayefokewa eti nani alimtuma, au mama anayejua Kisafwa tu, nani anamwelewesha pale? Ndo maana naomba mafunzo haya yafike vijijini, wachukuliwe wanawake wanaojua lugha za kwao na wa lugha ya alama pia, na wodi ziwekewe mapazia ili msindikizaji apate pa kukaa bila kuwaaibisha wengine.

Mama wawili, Uyole