Barua kwa mwanangu: hiyo iPad mpya tuiangalie vizuri kwanza

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana na leo nimeirudia tena. Unauliza kama uachane na iPad yako ya 2021 uchukue ile ya kawaida iliyotoka 2025, hela unayo kiasi na iliyobaki unaomba nikujazie. Sijakataa. Ila kabla hujalipa chochote nataka tuliangalie hili jambo kwa kina kidogo, maana wewe sio wa kuangalia video tu, wewe unachora, na mchoraji akinunua kwa kufuata mwaka kifaa kilipotoka anaweza kumaliza hela zake zote na tatizo likabaki palepale.

Umesema imejaa. Sawa, yako ni ya GB 64 na hiyo mpya inaanzia 128, ni mara mbili, sibishi. Lakini ingia kwenye mipangilio uone ni nini hasa kinakula nafasi, kwa sababu Procreate, hiyo programu unayochorea, huwa inarekodi video ya kila mchoro tangu mstari wa kwanza mpaka mwisho, labda uwe umeizima mwenyewe, na wewe una michoro ya tangu unaanza kujifunza humo ndani hujawahi kufuta hata mmoja. Ile iliyokwisha hamishia kwenye kompyuta, hakikisha imefunguka huko, ndio ufute. Na kifaa kikijaa mpaka pomoni lazima kiwe kizito, kwa hiyo hata huo uzito unaolalamikia usiuhesabu kwanza mpaka umepunguza mizigo.

Chaji nayo, Apple wenyewe wanasema betri ya iPad imetengenezwa ibaki na mpaka asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000 ya kuchaji, na mzunguko sio kila ukichomeka waya, ukitumia nusu leo ukachaji halafu kesho ukatumia nusu nyingine ndio umehesabiwa mmoja. Ya kwako imefanya kazi sana, inawezekana kabisa imechoka, lakini betri ni kitu cha kubadilishwa, huhitaji kubadilisha iPad nzima kwa ajili yake. Na tafadhali acha kuchora huku iko kwenye chaji imelala juu ya blanketi, joto ndilo linaloua betri.

Wanaokwambia hiyo ni ya kizamani haipati tena apdeti wamekosea. iPadOS 26, mfumo wa kuendeshea iPad uliotoka 2025, inaingia kwenye yako vizuri tu, iliyoachwa nje safari ile kwenye hizi za kawaida ni ya 2019. Siku apdeti za usalama zikikatika kweli nitakuwa wa kwanza kukwambia badilisha, maana humo ndani kuna barua pepe yako na akaunti zako zote, na hapo sitaki mchezo.

Sasa tuje kwenye leya, yale matabaka ya mchoro yanayopangwa moja juu ya jingine, hapa ndipo nimekaa sana. Umesema Procreate inakukatalia kuongeza leya ukiwa katikati ya kazi, na hilo ni tatizo la kweli, halitatuliwi na kufuta picha, kwa sababu idadi ya leya inategemea RAM ya kifaa, yaani kumbukumbu inayotumia kikiwa kazini, sio ile ya kuhifadhia, pamoja na ukubwa wa kanvasi, yaani ukurasa unaochorea. Kanvasi ikiwa kubwa leya zinapungua, na yako ina RAM ya GB 3 tu. Kwa hiyo kabla ya yote nieleze, hizo kanvasi unafungua saizi gani? Kama mchoro ni wa kuweka mtandaoni tu halafu umefungua saizi ya bango la ukutani basi unajibana mwenyewe bure. Ila kama ni kazi za kuchapishwa na mteja anataka ukubwa huo, hapo una haki, na mimi niko upande wako.

Lakini mwanangu, angalia hiyo unayoitaka. Leya utaongezewa, ni kweli. Ila kile kitu ulichonionyesha siku ile, ukaweka ncha ya kalamu kwenye kioo na mstari ukaonekana uko chini kidogo, kama kuna nafasi kati ya kalamu na mchoro, kitakuwa vilevile, kwa sababu kioo cha hiyo ya 2025 nacho hakijaunganishwa moja kwa moja na skrini, sawasawa na chako. Kalamu yako ya zamani itakubali lakini mpaka ununue adapta, na ukisema uchukue ile kalamu ya Apple ya USB-C, hiyo haisomi mgandamizo, ukikandamiza au ukigusa kidogo mstari unatoka unene uleule. Wewe unavyochora nywele na mikunjo ya nguo kwa kuchezea uzito wa mkono utafanyaje na kalamu kama hiyo? Na kama mambo ya AI ya Apple ndiyo yanakuvuta, hiyo ya kawaida ya 2025 hayamo.

Inayokufaa wewe ni iPad Air. Ya 2024 yenye chipu ya M2 au ya 2025 yenye M3, zote zina RAM ya GB 8, kioo kimeshikana na skrini, na zinakubali kalamu ya Apple Pencil Pro ambayo inasoma mgandamizo. Hata Air ya 2022 yenye M1, ukiipata iliyotumika na betri yake nzima, mimi naiona ni bora kwako kuliko hiyo mpya ya kawaida, tena hiyo inatumia Apple Pencil ya kizazi cha pili. Shida ni kwamba Air yoyote kati ya hizi kalamu uliyonayo haitafanya kazi, kwa hiyo hesabu yako lazima iwe ya iPad na kalamu pamoja, usije ukanipigia baadaye kuwa imebaki kalamu.

Msimamo wangu ndio huo, kwa ile ya kawaida siongezi hela, naona ukiacha hizo leya za kuongezewa tutakuwa tumelipia nafasi ya kuhifadhi na betri mpya tu, vitu ambavyo unaweza kuvipata kwa njia nyingine. Kwa Air nachangia, hata kama itabidi usubiri tukusanye wote.

Nitumie picha ya ile sehemu inayoonyesha nafasi ilivyotumika, na uniandikie kanvasi zako mbili tatu za mwisho zilikuwa saizi gani na ziligomea leya ya ngapi. Usifute kitu mpaka umekihamisha.

Mama