Orodha ya dawa zilizoletwa ibandikwe ukutani

Ndugu Mhariri,

Mgonjwa akiambiwa dirishani "dawa hakuna", lawama zote humwendea Bohari ya Dawa, yaani MSD. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati kijijini kwetu, na nionavyo, mara nyingi tunalaumu bila kujua dawa imekwamia wapi.

MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, si ghala la kugawa dawa bure. Hununua kwa wingi na kuviuzia vituo vya umma kwa bei nafuu. Kila zahanati ina akaunti yake huko. Mganga mfawidhi hujaza maombi, mfamasia wa halmashauri huyapitia, ndipo yanakwenda ofisi ya kanda ya MSD. Basi dawa inaweza kukosekana kwa sababu bohari imeishiwa, au maoteo ya kituo, yaani makadirio ya mahitaji yake, yalikuwa ya kukisia, au akaunti imekauka. Aliyesimama dirishani hana namna ya kutofautisha.

Lori likifika, wajumbe tunaitwa kushuhudia. Maboksi yanafunguliwa, tunahesabu makopo moja moja, tunatazama alama ya GOT, inayoonyesha kuwa dawa ni mali ya serikali, na tarehe ya kuisha muda, tunalinganisha na ankara, tunasaini. Mzunguko uliopita dawa mseto za malaria zilitimia. Amoksilini ya watoto nayo ilikuja kama ilivyoagizwa, ila kilichoagizwa chenyewe kilikuwa kidogo mno kwa msimu wa baridi. Ankara ikaingia kwenye faili, faili likaingia kabatini. Baadaye mama mmoja akaandikiwa dawa hiyohiyo akanunue duka la dawa muhimu, na mwanawe hajafikisha miaka mitano, umri ambao sera inasema atibiwe bure. Aliondoka akisema manesi wameuza dawa. Simlaumu, nani alimwonyesha karatasi?

Ninachoomba ni ankara ibandikwe kwenye mbao za matangazo siku ileile ya mapokezi: kiasi kilichoagizwa, kilichofika, na salio la akaunti. Bohari ikikosa dawa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa kwa mkoa huo, kupitia mfumo wa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Hapo napo ibandikwe tarehe oda ilipotumwa, maana kuna oda zinazolala mezani halmashauri huku wagonjwa wakirudishwa nyumbani.

Niliposema haya kikaoni, mwenzetu mmoja alihofu kwamba wezi watajua dawa zipo. Lori lile linapita katikati ya kijiji mchana kweupe, watoto wakilikimbilia. Wezi walishajua zamani.

Waganga wakuu wa wilaya wanaweza kuliagiza hili bila kusubiri waraka kutoka wizarani. Karatasi ipo, na gundi ipo.

Mjumbe wa kamati ya zahanati,
Singida