Mnaounda amplifaya za valvu nyumbani, anzeni na transfoma

Mhariri,

Tumeisoma kwa furaha makala yenu kuhusu vijana wanaoagiza seti za vipuri kutoka nje na kujiundia nyumbani amplifaya za gitaa za valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti badala ya transista. Ni kazi nzuri, na mtu mwenye subira anaiweza. Ila makala ilisema ukifuata karatasi ya maelekezo hatua kwa hatua huwezi kuharibu kitu. Hapo tunaomba nafasi, kwa sababu nyingi ya karatasi hizo zimeandikwa kwa umeme wa Marekani, volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Soketi zetu zina volti 230 kwa Tanzania na 240 kwa Kenya, na kote ni hezi 50. Tofauti hiyo wengi huikumbuka transfoma ikishaanza kunuka.

Tuchukue seti wanayoipenda sana wanaoanza: nakala ya Fender Champ ya miaka ya 1950, mchoro unaoitwa 5F1. Valvu zake ni tatu tu. 12AX7 inaikuza sauti dhaifu ya gitaa, 6V6 inaisukuma spika, na 5Y3 inageuza umeme wa AC, kama wa ukutani, kuwa DC, wa mwelekeo mmoja. Unapata kama wati 5, ambazo chumbani ni nyingi. Udogo wake ndio unaodanganya watu. Ndani ya kasha hilo la bati kuna umeme wa DC wa volti 340 hivi, na sekunde chache za mwanzo, 6V6 ikiwa bado baridi, unapanda zaidi ya hapo. Aliyezoea kufungua redio za betri hajawahi kukutana na kitu cha namna hiyo.

Basi kabla hujalipa hela, soma transfoma. Uliza upande wa kuingizia umeme ni wa volti ngapi na hezi ngapi. Unachotaka ni 230 au 240, na maneno "50/60". Iliyoandikwa 220 itawaka, ila piga hesabu: ukiipa 240, kila kinachotoka kinapanda kwa asilimia 9. Hita za valvu, yaani waya unaozipasha moto ndani, zinazotakiwa kupata volti 6.3 zinapata karibu 6.9, na huo ndio ukingo wa juu kabisa, maana valvu huvumilia asilimia 10 tu kupanda au kushuka. Zile volti 340 zinakuwa 370. Valvu zitalia vizuri miezi ya mwanzo, kisha zitachoka mapema na mwenye nazo atamlaumu aliyemuuzia.

Wapo wanaosema watatumia transfoma ya kushushia, 240 kwenda 120, mambo yaishe. Volti zitashuka kweli, lakini hezi zitabaki 50. Transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 peke yake, ukiilisha hezi 50 kwa volti zilezile, chuma chake kinabeba sumaku zaidi kwa asilimia 20. Itachemka hata kama hujagusa gitaa. Kama kibandiko chake hakitaji 50, nunua transfoma nyingine na hiyo uiache.

Jambo la pili ni ethi, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Amplifaya za zamani zilikuja na plagi ya pini mbili, na kuna wanaotaka kuiga kila kitu mpaka hilo. Msiliige. Nyuzi za gitaa zimeungana na kasha la amplifaya kupitia waya wa nje wa kebo. Waya wa moto ukichomoka ndani na kugusa bati, umeme uko mikononi mwa mpigaji, na akigusa maikrofoni kwa mdomo unapita mwilini mwake. Waya wa ethi uwe na bolti yake pekee, karibu na tundu kebo inapoingilia, wenye washa ya meno, na mahali pa bolti pakwanguliwe rangi hadi chuma king'ae. Uache mrefu kuliko waya wa moto, ili kebo ikivutwa kwa nguvu ethi iwe ya mwisho kukatika. Na hakikisha soketi ya nyumba ina ethi kweli, kwa sababu zipo nyumba ambazo tundu la tatu halina chochote nyuma yake, na zipo ekstensheni zenye pini tatu na nyaya mbili.

Waya wa moto upite kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi, ndipo uingie kwenye transfoma. Amplifaya hii inakula kama wati 40 tu, kwa hiyo kwenye volti 230 fyuzi ya nusu ampea ya aina inayochelewa inatosha. Karatasi ya Marekani itakuambia uweke kubwa zaidi, kwa sababu kwao volti ni nusu na ampea ni mara mbili. Na ile fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi, itoe, weka ya 3.

Sasa kapasita, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme. Za kuchujia umeme kwenye mchoro huu ni tatu: maikrofaradi 16, 8 na 8. Unaweza kuzima amplifaya, ukachomoa plagi, ukaenda kula, ukarudi na bado ukapigwa, hasa kama valvu zilikuwa zimetolewa na chaji haina pa kupita. Dawa yake ni rezista (kipuri cha kuzuia umeme) moja ya omu 220,000, wati 2, inayoungwa moja kwa moja kutoka chanya ya kapasita ya kwanza kwenda kwenye kasha. Seti nyingi hazina. Inakula nusu wati tu, na baada ya dakika moja ya kuzima volti 340 zimekwisha. Hata hivyo usiiamini kwa macho. Bana waya mweusi wa mita kwenye kasha, mkono mmoja uweke nyuma ya mgongo, na kwa ule mwingine gusisha waya mwekundu kwenye kila kapasita. Ikisoma chini ya volti 5, endelea na kazi. Ile tabia ya kuzipiga shoti kwa bisibisi inatoboa ncha ya bisibisi na kuumiza kapasita, tena cheche zake huruka machoni.

Na msiongeze ukubwa wa kapasita ya kwanza mkidhani mnapunguza mvumo. 5Y3 haikuundwa kwa mzigo wa maikrofaradi 47 au 100. Kila unapowasha, kapasita kubwa inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na valvu inakufa. Isizidi 22.

Kulehemu kwenyewe si kugumu. Tatizo kubwa ni rezista kuwekwa pasipo pake. Kahawia, nyeusi, njano ni omu 100,000. Kahawia, nyeusi, kijani ni milioni moja. Na kwenye taa hafifu ya usiku njano na kijani ni ndugu. Rezista mpya zenye mistari minne ya thamani zinachanganya zaidi. Pima kila moja kwa mita kabla hujaipinda miguu. Soketi za valvu zihesabu ukiziangalia kwa chini, upande wa kulehemia, ukifuata mshale wa saa kuanzia kwenye mwanya. Anayehesabu kwa juu anapata mchoro wa kwenye kioo, na volti kama 300 zinakwenda kwenye gridi, mguu wa valvu unaopokea sauti. Nyaya za hita zisokote mbili mbili kama kamba, zilaze kwenye kona ya kasha, mbali na waya unaotoka kwenye jeki ya gitaa. Risasi ikishapoa iwe laini na ishike waya pande zote. Ikikaa kama tone la nta juu ya waya, pasi ya kulehemia haikuupasha waya moto, ilipasha risasi peke yake. Rudia.

Kuwasha mara ya kwanza ndiko tunakotaka wasomaji wakae nako. Tengeneza ubao wenye soketi moja na holda moja ya balbu, waya wa moto upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye soketi. Balbu iwe ya nyuzi, wati 60, au ya halojeni. Ya LED haifai. Unga spika, au rezista ya wati 10 yenye omu zinazolingana na transfoma ya kutolea sauti, ile iliyo kati ya 6V6 na spika. Bila mzigo huo, transfoma ya kutolea inaweza kutoboka ndani kwa volti zinazorudi.

Washa bila valvu hata moja. Balbu imulike kidogo kisha izimike. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma. Kama ni salama, pima AC ya hita, zima, kisha weka valvu zote tatu kwa pamoja. Kuna karatasi zinazoshauri kuweka 5Y3 peke yake kwanza, nasi tunapinga. Transfoma yenye volti 325 kila upande, ikikosa mzigo wa 6V6, inaisukuma kapasita hadi 325 mara 1.41, yaani karibu 460. Kapasita nyingi za seti hizi zimeandikwa 450.

Zikiwa zote ndani, balbu itawaka, kisha ififie mpaka waya wake uwe mwekundu wa kaa linalozimika, huku hita za valvu zikianza kuonekana. Hapo zima, ondoa balbu, chomeka ukutani moja kwa moja, upime haraka. Kathodi ya 6V6 (mguu umeme unapotokea kwenda kwenye kasha), pini ya 8, isome kama volti 19 kwenye rezista ya omu 470. Gawanya 19 kwa 470, unapata miliampea 40. Toa 2 za gridi ya pili, zinabaki 38. Kama anodi (mguu unaopokea volti kubwa), pini ya 3, ina volti 330, toa 19, zidisha 311 kwa 0.038: wati 11.8, ndilo joto ambalo valvu inabeba. Vitabu vya zamani vinaipa 6V6 kikomo cha wati 12, vya baadaye 14. Ukipita 12, badilisha ile rezista ya 470 iwe 560, au hata 680. Ni shughuli ya dakika kumi, na ndiyo inayorekebisha madhara ya umeme wa ukutani uliopanda. Pimeni tena usiku wa manane, wakati majirani wamezima vyombo vyao na volti ziko juu.

Kathodi ikisoma 30 au zaidi, pima pini ya 5. Inatakiwa iwe sifuri. Ikiwa na volti chanya, kapasita inayoleta sauti kutoka 12AX7 inavuja, au rezista nyingine ya 220,000, ile ya kutoka pini ya 5 kwenda kwenye kasha, haijashika. Ukiona bati jeusi la ndani ya 6V6 linaanza kuwa jekundu, zima papo hapo, usisubiri kupima.

Ikipiga kelele kali mara tu inapopata moto, hata sauti ikiwa imezimwa, usitafute valvu mbovu. Waya wenye rezista ya omu 22,000 unaorudisha sauti kutoka kwenye spika unaongeza badala ya kupunguza. Zima, ondoa chaji, badilishana nyaya mbili za upande wa 6V6 kwenye transfoma ya kutolea. Itanyamaza.

Mvumo nao una lugha yake, na mpiga gitaa ana masikio ya kuielewa. Piga uzi mnene wa sita kwenye freti ya tatu. Hiyo ni noti ya hezi 98. Mvumo ukilingana nayo, ni hezi 100, umetoka kwenye kapasita za kuchujia au 5Y3. Ukiwa chini yake kwa oktavu moja nzima, ni hezi 50: nyaya za hita, kebo, au mahali ulipoungia ethi ya jeki. Hapo chomoa 12AX7. Mvumo ukikata, umeingilia mbele, upande wa jeki ya gitaa. Ukibaki, tafuta kuanzia 6V6 kwenda upande wa spika. Karatasi za Marekani zinasema 60 na 120, na noti zake haziko kwenye freti hiyo, kwa hiyo msizifuate kwenye hili.

Tunaomba mwisho jambo moja kwa wanaoleta seti hizi na kuziuza mitandaoni kwa bei kubwa. Kwenye tangazo, kando ya picha ya ngozi na spika, andikeni volti na hezi za transfoma, na tieni ndani ya boksi rezista ya omu 220,000 pamoja na mstari mmoja wa Kiswahili wa kueleza inaungwa wapi.

Mafundi wa vyombo vya muziki,
Dar es Salaam