Saa ya kula melini imetugombanisha

Mhariri, mi na mama watoto hapa Area C tunabishana wiki nzima, kijana wetu anatupeleka kwenye meli ya kitalii huko Ulaya na fomu inauliza chakula cha usiku tunataka saa maalum au muda wowote. Saa maalum ni kama saa 12 jioni ama saa 2 usiku, meza ileile, mhudumu yuleyule mpaka anajua hutaki pilipili. Muda wowote unaingia ukijisikia ila foleni unaweza ukaikuta. Mama anataka uhuru. Mi nimezoea ugali na mlenda saa 2 kamili taarifa ya habari ikianza, sasa nikazunguke natafuta meza kama niko stendi ya Nanenane? Hiyo ya saa 12 nayo, mkichelewa kwenye matembezi ya mjini imewapita. Nimejaza saa 2, bado hajajua.

Baba watoto, Dodoma