Nsimire, panga baridi kwanza

Goma, Himbi

Dada yangu Nsimire,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma mara ya pili kabla ya kumpa mama asikie. Anakusalimu sana, anasema ukija Goma usithubutu kulala kwa watu wengine. Sisi ni wazima. Watoto wako shuleni, na baba yao bado anahangaika na ile nyumba ya Ndosho.

Nimefurahi kwamba hatimaye aiskrimu yako ya maracuja (pasheni) imepata watu wa kuiulizia nje ya Bukavu. Nilikuambia tangu zamani kwamba haifai kuishia Nyawera. Sasa umeniuliza kama uipeleke kwenye arusi ya hapa Goma na kwa yule mwenye hoteli wa Uvira. Goma nakuambia ndiyo, kubali. Uvira usijibu kwanza, nitafika huko.

Kuna kitu kimoja katika barua yako kimenishtua. Unasema utanunua barafu kwa wale mama wanaowauzia wachuuzi wa samaki, ujaze kwenye kasha, uweke vikombe katikati. Usifanye hivyo, dada. Barafu ya maji matupu inayeyuka kwenye sifuri. Aiskrimu ina sukari, na sukari inashusha kiwango cha kuganda. Inatakiwa ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikipanda hadi kama nyuzi 10 chini ya sifuri imeshaanza kulegea, na ikikaribia nyuzi 3 chini ya sifuri ni uji mtupu, hata kama barafu inayoizunguka bado ni ngumu kama jiwe. Kwa samaki barafu ile ni baridi. Kwa aiskrimu yako ni joto.

Unakumbuka miaka ile ya Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020? Nilikuwa nabeba makasha na timu ya chanjo. Chanjo ile ilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, na ilifika hadi Beni na Butembo, hadi kwenye vijiji visivyojua umeme ni nini, ndani ya yale mapipa ya Arktek yanayotunza baridi kwa siku kadhaa. Asubuhi hatukuanza kwa kuhesabu chanjo. Tulianza na vifurushi vya baridi: vimeganda tangu lini, pipa linafungwa saa ngapi, nani ana ruhusa ya kulifungua. Chanjo ilifuata baadaye. Wewe pia uanze hivyohivyo. Kinachosafiri kwenye Ziwa Kivu ni baridi, na aiskrimu ni abiria wake tu.

Baridi hiyo utaitengeneza kwa chumvi. Chukua maji lita moja, weka chumvi ya jikoni gramu 300, koroga mpaka iyeyuke yote, mimina kwenye chupa za plastiki na uache nafasi juu kwa sababu yakiganda yanavimba. Mchanganyiko huo unaganda kwenye nyuzi 21 chini ya sifuri, na uzuri wake ni kwamba ukianza kuyeyuka unabaki kwenye nyuzi 21 hizohizo mpaka tone la mwisho. Ndiyo baridi unayoitaka. Lakini friza lazima ishuke chini ya hapo, iende kwenye 24 au 25. Igeuze hadi mwisho, usiijaze kupita kiasi, na nunua kipimajoto cha friza, usiamini namba zilizoandikwa kwenye kitufe. Friza ikiishia kwenye 18, chupa hizo zitabaki maji baridi tu, na maji baridi yanabeba baridi kidogo mno. Watu wengine wanapunguza chumvi hadi gramu 100 ili zigande kirahisi. Ni kweli zitaonekana zimeganda, lakini zinaanza kuyeyuka mapema, na zikiendelea kuyeyuka joto lake linapanda polepole badala ya kusimama mahali pamoja. Kwa safari ya mtaani sawa. Kwa ziwa hapana.

Sasa kiasi gani? Nimekufanyia hesabu ya kasha la frigoliti, lile povu gumu jeupe na jepesi, lenye urefu wa sentimita 50, upana 40 na kimo 40, kuta za sentimita 5. Ndani nyuzi 18 chini ya sifuri, nje nyuzi 22: joto linaloingia kupitia kuta linayeyusha karibu nusu kilo ya chupa zako kila saa. Meli ya usiku, kusubiri bandarini Bukavu, kushusha hapa Goma, hesabu saa 12 kwa jumla. Hiyo ni kilo 6. Weka 8, maana mfuniko haukai sawa kila mara na meli haina haraka ya harusi ya mtu. Ukipata frigoliti nyembamba ya sentimita mbili na nusu, hesabu hiyo inaongezeka mara mbili, kwa hiyo usiokoe pesa kwenye kuta. Na kasha moja kubwa lililojaa linashinda makasha mawili madogo, kwa sababu madogo yana kuta nyingi za kupitishia joto.

Kama frigoliti nene haipatikani, fanya walivyofanya Wamarekani wa zamani. Mwaka 1833 meli ilitoka Boston na barafu ya ziwa, tani kama 180, ikaenda hadi Kolkata, India, miezi minne baharini, ikivuka ikweta mara mbili, na zaidi ya nusu ya barafu ile ikafika. Hawakuwa na mashine. Wafanyabiashara wale wa barafu walitegemea vitu kama unga wa mbao. Kwa maseremala wa Kadutu unga huo ni takataka. Weka kasha lako ndani ya sanduku kubwa zaidi, jaza unga pembeni, chini na juu, unene wa kiganja. Uwe mkavu kabisa. Unga uliolowa unapitisha joto.

Najua utauliza: na umeme ukikatika siku ya kugandisha? Hapo ndipo barafu ya wale mama wa samaki inapopata kazi. Ivunjevunje vipande vidogo kama njugu, changanya sehemu tatu za barafu na sehemu moja ya chumvi kwa uzito. Haihitaji friza hata kidogo. Chumvi inailazimisha barafu kuyeyuka, na ikiyeyuka inavuta joto kutoka kwa kila kitu kilicho karibu, mpaka inashuka kuelekea zile nyuzi 21. Utaona umande unaganda kuwa unga mweupe nje ya ndoo. Shida yake ni maji ya chumvi: yakiingia kwenye kikombe kimoja, kikombe hicho kimekwisha. Vikombe viwe na mifuniko inayobana, vifungwe kwenye sasheti mbili za plastiki, na visikae chini kabisa ya kasha ambako maji yanakusanyika.

Kupakia usimwachie mtu. Vikombe vikae kwenye friza usiku mzima kabla, viwe vigumu mpaka kijiko kinagoma. Aiskrimu iliyotoka kwenye mashine leo haisafiri leo. Kasha nalo liwe limepozwa, maana kasha lenye joto la chumbani linakula chupa mbili kabla hujafunga. Chupa ziwe chini na pembeni, na nyingi zaidi juu, kwa sababu hewa baridi inashuka. Panapobaki nafasi jaza magazeti yaliyokunjwa, hewa isipate mahali pa kuzunguka. Funga kwa utepe mpana pande zote, kisha blanketi. Halafu andika juu kwa herufi kubwa kwamba lisifunguliwe, kwa sababu bandarini kila mtu mwenye kofia anataka kuona ndani. Mtafute mkubwa wao mapema, mwonyeshe kikombe kimoja pembeni, mweleze. Mara nyingi wanaelewa ukiwaheshimu kabla.

Mimi napendelea meli ya usiku kuliko boti ya haraka. Boti inafika kwa saa chache, kweli, lakini mizigo inapanda juu kwenye jua, na ikichelewa inachelewa saa saba mchana. Usiku ziwa lina baridi, unaweza kuomba kasha likae chini, mbali na injini, na mimi nitakuwa bandarini alfajiri na kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Friza yangu itakuwa tupu inakusubiri. Arusi ni jioni, kwa hiyo tuna mchana mzima.

Kuhusu barafu kavu. Umesema kuna mtu amekuahidi atakuletea kutoka ng'ambo. Ni kitu kizuri sana, siwezi kukataa: iko kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri na haiachi maji, inageuka kuwa hewa moja kwa moja. Lakini hewa hiyo, Nsimire, ndiyo ileile ya mazuku, kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Wewe umekulia Bukavu, huenda umesikia tu jina. Sisi huku tunaijua. Kule Bulengo na Mugunga kuna mabonde ambako mbuzi anaingia kula majani asubuhi na harudi, na watu wamekufa humo pia. Ni gesi nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inalala chini, haina rangi, haina harufu ya kukuonya. Sasa fikiria kasha lenye barafu kavu kwenye chumba cha chini cha meli, na akina mama wamelala sakafuni na watoto wao. Sitaki, na ninakuomba usitake. Hata kwenye ndege abiria haruhusiwi kupita kilo 2 na nusu, tena kwa idhini ya kampuni na kwenye kasha linaloachia hewa. Ukiitumia siku moja kwenye gari, madirisha yawe wazi, kasha lisizibwe kabisa maana litapasuka, na usiiguse kwa mikono mitupu, inaunguza kama moto.

Nataka pia uweke kitu kidogo ndani, na hiki usikisahau. Chukua chupa ndogo ya dawa, ya kioo au plastiki inayoonekana ndani. Jaza nusu kwa mchanganyiko wako uleule wa maracuja, uilaze ubavuni kwenye friza mpaka igande hivyo ubavuni. Siku ya kupakia isimamishe wima katikati ya vikombe. Mimi nikifungua hapa Goma, nikaikuta maracuja bado imeshika ubavu wa chupa, najua kila kitu kimefika salama. Nikiikuta imeteremka chini na imesawazika, basi iliyeyuka njiani, hata kama sasa imeganda upya na inapendeza machoni.

Na ikiwa imeyeyuka, hatuigandishi tena tukaipeleka arusini. Kwanza itakuwa na chembe za barafu zinazokwaruza ulimi, na watu watasema ndiyo aiskrimu ya Nsimire hiyo. Lakini kubwa zaidi ni maziwa. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu, na kuna vingine vinaendelea kuzaana hata kwenye baridi ya frigo. Mwaka 2015 huko Marekani iligundulika kwamba watu watatu walikufa kwa sababu ya aiskrimu iliyokuwa na kijidudu cha listeria, katika nchi yenye friza kila kona. Arusi ina wazee na wajawazito. Chupa ikituambia hapana, nitampigia bibi arusi mwenyewe, utamrudishia pesa yake, na nitanunua mananasi sokoni Virunga wayale hivyo. Hilo tulikubaliane leo, kabla hujapokea hata senti.

Sasa Uvira. Bukavu kuna ubaridi, lakini ukishateremka Kamanyola na kuingia bonde la Ruzizi, joto ni lingine kabisa, na barabara huijui itakuweka wapi saa ngapi. Kwa kasha lilelile, kwenye gari lililosimama juani, ile nusu kilo kwa saa haitoshi. Usimpelekee aiskrimu. Mpelekee maracuja yenyewe: nyama ya tunda na sukari, bila maziwa, imegandishwa kwenye sasheti bapa. Hiyo ikilegea kidogo njiani haina umbo la kupoteza, ilimradi ifike bado ina barafu ndani. Mashine ya kuzungusha iwe kule kwake, maziwa atatafuta kule, na wewe umfundishe kijana wake kwa siku mbili. Utauza kidogo kwa kila kikombe, najua, lakini utalala usingizi. Muulize kwanza kama friza yake ina jenereta nyuma yake. Akijibu kwa kuzungukazunguka, mwache.

Niandikie unene wa frigoliti uliyoipata na friza yako inashuka hadi ngapi, hata kabla ya kunijibu mengine. Na tuma kikombe kimoja cha ziada, cha mama. Ameshaanza kuulizia.

Msalimie baba Cito na wote wa Muhumba.

Dada yako,
Riziki