Mlipuko ukija, chumba cha endoskopi kisifungwe

Mhariri,

Mipango ya kukabili milipuko ya magonjwa inapoandikwa mkoani Tanga, tunaomba chumba cha endoskopi, yaani kipimo cha kuangalia ndani ya tumbo kwa kamera ya mrija, kisisahauliwe. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, nchini Uingereza vipimo hivi viliwahi kushuka hadi asilimia 5 ya kawaida, na saratani zilizogunduliwa kila wiki zikapungua kwa asilimia 58. Ugonjwa haukupungua, watu walikaa nao nyumbani. Afrika Mashariki, ambako saratani ya umio ni nyingi na mgonjwa hufika chakula kikiwa hakipiti tena, kusubiri miezi ni hatari kubwa.

Tatizo ni hewa. Kamera ikipita kooni mgonjwa hukohoa, hucheua, na matone huruka. Kila aliyemo avae barakoa ya N95 inayochuja chembe ndogo, miwani, gauni na glovu, na chumba kipumzishwe kabla ya mgonjwa mwingine: dakika 23 kama hewa hubadilishwa mara 12 kwa saa, dakika 46 kama ni mara 6, ndipo asilimia 99 ya chembe zitoke. Kiyoyozi cha ukutani (joto la Tanga tunalijua) huzungusha hewa ile ile tu. Ifungwe feni ya kutolea hewa nje, mbali na benchi la wanaosubiri.

Hapo idadi ya wagonjwa kwa siku hushuka. Wasisubiri anayetapika damu, mwenye choo cheusi kama lami, mtoto aliyemeza betri, wala anayeshindwa kumeza huku akikonda. Kijana mwenye kiungulia tu aanze dawa.

Linalotuuma zaidi ni mafunzo. Barakoa zikipungua, wa kwanza kutolewa chumbani ni daktari anayejifunza. Mkono haujifunzi kwa kusimuliwa: Uingereza ilitaka mwanafunzi afikishe vipimo 200 vya tumbo la juu kabla ya kupimwa umahiri. Akipoteza nusu mwaka, mgonjwa wa Lushoto au Pangani ndiye atakayepanda basi kwenda Moshi au Dar es Salaam. Barakoa yake ihesabiwe tangu kwenye oda. Abaki chumbani mwanafunzi mmoja huyo huyo wiki nzima; mwenzake afanyie mazoezi kwenye mdoli, au ajifunze kuosha kamera.

Kuosha nako kuna hatua zake. Kamera iliyolala muda mrefu ipimwe kama inavuja, mirija iliyo ndani yake isuguliwe kwa brashi na sabuni ya vimeng'enya, izamishwe kwenye dawa ya kuua vijidudu, glutaraldehaidi ya asilimia 2, kwa dakika 20, isuuzwe, ipitishwe spiriti, ipulizwe hewa hadi ikauke, itundikwe wima. Kazi ikizidi, hatua inayorukwa kwa urahisi ni ya kukausha, na bakteria huota kwenye unyevu huo.

Madaktari na wauguzi wa endoskopi,
Tanga