Harambee ya Kuwapeleka Watoto wa Darasa la Sita Kalenga

Ndugu wazazi, walezi na wote mnaoitakia mema shule yetu hapa Mafinga,

Tunawaomba mtuchangie ili watoto wa Darasa la Sita waende Kalenga muhula huu, wote, asibaki hata mmoja.

Kalenga ni kijiji kidogo kando ya Mto Ruaha Mdogo, mwendo mfupi tu kutoka Iringa mjini. Mgeni asiyeambiwa kitu ataona mashamba ya mahindi na nyumba za tofali, ajiendee zake. Lakini hapo ndipo Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipojenga ngome yake ya mawe, na hapo ndipo mizinga ya Wajerumani ilipoibomoa Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kukiangamiza kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski kule Lugalo. Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Aliwasumbua porini hadi Julai 1898, alipoona wamemkaribia akajipiga risasi.

Haya watoto wetu wanayakariri kwa ajili ya mtihani. Mwalimu akiuliza mwaka wa vita vya Lugalo, mikono inanyooka darasa zima. Akiuliza kwa nini fuvu la Mkwawa lilikaa Ujerumani zaidi ya miaka 50, kimya.

Fuvu hilo leo liko Kalenga, ndani ya jumba dogo la makumbusho, kwenye kabati la kioo. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, uliwataka Wajerumani walirudishe ndani ya miezi sita. Hawakulirudisha. Mwaka 1953 Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda mwenyewe Bremen, Ujerumani, likachaguliwa moja kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa yamehifadhiwa kule, lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 alilikabidhi palepale Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Adam Sapi, ambaye baadaye tulimjua sote kama Spika wa Bunge. Tunataka watoto wasimame mbele ya kabati lile, waulize maswali yao wenyewe. Kitabu cha darasani hakiwezi kuwapa hilo, hata kikiwa kizuri namna gani.

Gharama kubwa ni kukodi kosta mbili. Kisha kuna kiingilio na chakula cha mchana. Kila mzazi ameombwa shilingi 15,000. Tunafahamu kwamba wengi wetu ni vibarua wa chai na mbao, na kwa mwenye watoto wawili darasa moja hiyo si fedha ndogo. Ndiyo maana ya harambee hii: anayeweza amlipie na mtoto wa jirani. Mwenye mchele, viazi au mafuta ya kula alete, kamati ya chakula itapokea. Mwenye kosta atupunguzie bei. Na wazee wetu mnaozijua simulizi za Wahehe kutoka kwa babu zenu, tafadhali njooni mpande gari pamoja na watoto, nafasi zenu tumezitenga.

Tukutane uwanja wa shule Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Asiyeweza kufika akabidhi mchango wake kwa mhasibu wa shule na adai risiti. Mapato na matumizi yote yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo, hadi shilingi ya mwisho, na kitakachobaki kitanunua vitabu vya historia vya maktaba.

Kamati ya Wazazi